Mapenzi ya Pole Pole: Bwana Adrien Atiman na Bibi Agnes wa Karema

  Walio katika vikundi na wasogee karibu na redio, na mwandishi wa kikundi awe tayari na kalamu na karatasi, maana mwisho wa somo nitatoa maswali manne ya kuzungumza.

Leo tutasema juu ya mapenzi. Naona wazee wengine wanacheka, lakini hili ni somo kama masomo mengine. Tumejifunza namna ya kuchagua mbegu na namna ya kuchimba kisima. Kwa nini tusijifunze namna mume na mke wanavyopata kupendana?

Watu wengi wakisikia neno mapenzi, hufikiri juu ya moto wa mabua. Moto huo huwaka ghafula, ukatoa mwanga mkubwa, na baada ya kitambo kidogo hubaki majivu. Lakini kuna mapenzi ya namna nyingine, yanayoiva kama maharage juu ya moto mdogo. Nayo huweza kuiva hata kati ya watu wawili ambao jirani akiwatazama angesema, "Hawa hawatakaa nyumba moja hata masika mawili." Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa katika Mkoa wetu wa Katavi.

Ukitoka Mpanda mjini ukaelekea magharibi, utakwenda zaidi ya kilomita 100, ukipita vilima na misitu ya miombo. Halafu njia inateremka, na mbele yako unaona maji ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo Karema. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga boma mahali hapo, na mwaka 1885 walilikabidhi kwa mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie. Katika boma hilo ndimo alimokuja kukaa mtu tunayemsema leo.

Kwanza tumtazame mwanamume. Jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Alipokuwa mtoto mdogo alitekwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa kubwa la Sahara. Huko Algeria wamisionari walimkomboa kwa fedha. Baadaye, mwaka 1881, walimpeleka katika kisiwa cha Malta, akajifunza uganga wa hospitali kwa miaka kadhaa. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Afrika Mashariki, na mwaka 1889 akafika Karema. Alikuwa kijana wa miaka kama 23. Alijua kutibu majeraha na alijua kusoma vitabu vya Kizungu. Lakini mama hakuwa naye, wala baba, wala mjomba wa kumsemea. Hakuwa na hata kaburi la babu yake katika nchi hii.

Sasa tumtazame mwanamke. Jina lake Agnes Wansahira. Yeye alikuwa Mbende, tena wa ukoo wa watawala. Wabende ni wenyeji wa nchi hii ya milima na ziwa. Alikuwa katika nchi ya wazee wake, akiisikia lugha ya mama yake kila upande.

Fikirini tofauti hiyo, ndugu wasikilizaji. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa bado inaumiza nchi zote za pwani ya ziwa. Mtu aliyepata kuuzwa alikuwa mtu asiye na ukoo, na mtu asiye na ukoo alihesabiwa kuwa si kitu. Huyu aliyepata kuuzwa ndiye aliyemwoa binti wa ukoo wa watawala. Mume alikuwa katekista, mwenye dini iliyomkaa moyoni. Mke alikuwa ameingia katika dini hiyo, lakini haikuwa imemkolea.

Je, walipendana mara moja? La. Habari zilizoandikwa juu ya maisha ya Bwana Atiman hazifichi jambo hili. Mwanzo wa ndoa yao haukuwa wa furaha. Mke hakuishika dini ya mumewe kwa bidii, na nyumba ya katekista, ambayo watu waliitazama kama mfano, ilikuwa na matata ndani yake.

Hapa ndipo penye somo letu. Bwana Atiman alikuwa na njia nyingi za kufanya haraka. Angeweza kumrudisha mkewe kwao. Angeweza kutaka wakubwa wa misheni wamlazimishe. Habari zake zinatuambia kwamba alivumilia, akaendelea kuishi kwa mfano mwema, na uvumilivu huo ndio uliomvuta mkewe mwishowe. Nyumba iliyoanza kwa ugomvi ikawa nyumba ya watu wanaosikilizana. Mtoto wao Joseph alipata upadre mwaka 1923, miongoni mwa mapadre Waafrika wa kwanza wa nchi hizi za ziwa. Bwana Atiman mwenyewe alitibu watu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa na miaka kama 90. Hesabuni: tangu 1889 mpaka 1956 ni miaka 67 mahali pamoja.

Lakini tusimsifu mwanamume peke yake. Huwa tunasema "mume alivumilia", tukasahau kwamba na mke alivumilia vile vile. Kwa binti wa ukoo mkubwa, kukaa na mgeni asiye na ndugu ni kukubali maneno ya shangazi na mashemeji ya kila siku. Nyumba ya mganga nayo ni nyumba ya kugongewa mlango usiku. Mgeni yule alipata watu wa kumwita shemeji na mkwe kwa sababu ya mwanamke huyu. Mume alileta ujuzi, mke alileta ukoo. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, na hiyo ndiyo faida ya watu wasiofanana.

Basi, habari hii inatuhusu nini sisi wa leo? Mpanda ni mji wa watu waliotoka mbali. Reli kutoka Kaliua ilijengwa mpaka hapa katika miaka ya 1940, ikafunguliwa mwaka 1950, kwa ajili ya machimbo ya risasi. Siku hizi sokoni utakuta Mbende, Mpimbwe, Mkonongo na Mfipa, na Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake. Utakuta pia watu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao walikimbia kutoka Burundi mwaka 1972. Vijana wa watu hawa wanaonana gulioni, shuleni na kwenye kituo cha treni. Mmoja kwao mahari huhesabiwa kwa ng'ombe wengi, na mwenzake ametoka katika nchi ya mbung'o ambako wazee hawakufuga ng'ombe. Wazazi wa pande zote mbili husema, "Hawa si wenzetu." Mimi nawaambia wazazi hao: msiseme hapana kwa haraka. Na vijana nawaambia: msiseme ndiyo kwa haraka.

Haraka ina hatari kubwa kwetu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba, kati ya kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 27. Mkoa wetu ulizidi mikoa yote. Msichana wa miaka 15 aliyeachishwa shule hakupata nafasi ya kumtazama mtu, akamjua, akapima tabia yake. Moto wa mabua umekwisha kuzimika, na yeye amebaki na mtoto mgongoni.

Sheria nayo inapenda mwendo wa pole pole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka watu wanaooana wakubali wenyewe kwa hiari yao. Inataka pia taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla, ili mwenye neno aseme. Watu wa dini mbili mbalimbali waweza kufunga ndoa ya kiserikali. Na vifungu vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2019.

Nataka niseme neno moja la tahadhari, msije mkanielewa vibaya. Kuvumilia tofauti ni jambo moja, na kuvumilia kipigo ni jambo jingine. Mwenzako akisali namna nyingine, akipika namna nyingine, akinyamaza pale ambapo wewe ungesema, hayo yavumilie na uyazoee. Akikupiga, usiseme "nangoja abadilike kama Mama Agnes". Sheria hiyo hiyo inasema mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke hana haki ya kumpiga mumewe. Nenda kwa wazee, nenda kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nenda polisi.

Sasa maswali ya kuzungumza katika vikundi.

La kwanza: Bwana Atiman na Bibi Agnes walitofautiana katika mambo gani? Tajeni matatu.

La pili: Katika kijija chenu, ni ndoa gani ambazo wazazi huzikataa kwa sababu ya kabila au dini? Sababu zao zina kweli kiasi gani?

La tatu: Kijana na binti wanaotaka kujuana bila haraka wanaweza kuonana wapi kwa heshima, mbele ya watu, bila kuharibu masomo yao?

La nne: Mtajuaje tofauti inayoweza kuvumiliwa na ubaya usiovumilika?

Wazee msiwazuie vijana kusema, na vijana wangojeni wazee wamalize. Mwandishi aandike mliyokubaliana na mliyoshindwa kukubaliana pia. Katika somo lijalo tutazungumza juu ya mahari na matumizi ya nyumbani.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.