Mwenzetu Akizidiwa na Vidonge, Tusimukimbie

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa memba, Baraka



Komite iliniomba niongee juu ya vidonge. Kuwahubiria vijana waache, hiyo kazi wazazi na wachungaji wanaifanya. Mimi leo naongea na yule anayekuwa pale wakati rafiki yake anazidiwa.

Munajua vile inaendaka. Kijana amerudi kutoka Nyarugusu, shamba la baba yake amelikuta linalimwa na mtu mwingine. Jioni anameza tramadol, haisikii haraka, anaongeza, anashusha na lutuku. Tramadol ni dawa ya maumivu. Nguvu yake inaweza kuendelea kupanda kwa masaa mawili, na ikikutana na pombe inapunguza pumzi. Saa moja ya usiku mtu anacheka, saa tatu anakoroma ajabu. Wenzake wanasema: «Mumuache alale, kesho itaisha.» Wengine hawaamki.

Umuite jina lake, umutikise bega. Hesabu pumzi dakika moja: mtu mzima anapumua kama mara 12 mpaka 20. Kama haamuki, kama pumzi ziko chini ya 10, ama midomo na kucha zimekuwa rangi ya majivu, mupeleke kwenye kituo cha afya sasa hivi. Mukingoja usafiri, mulaze kiubavu, ili akitapika asipaliwe. Kama hapumui kabisa, mulaze chali, inua kidevu, funga pua, mupulizie mdomoni mara moja kila sekunde tano.

Tramadol inaletaka pia kifafa. Ondoa mawe na viti karibu yake, usimushike kwa nguvu, usitie kijiko mdomoni. Maziwa, mafuta, kumwagia maji, kumutapisha: hapana. Mtu asiyejifahamu anapaliwa.

Kwa moto, mmoja akae nyuma yake, amushike kifua, na kichwa kisianguke mbele. Beba pakiti ya vidonge. Umuambie muuguzi ukweli: amemeza nini, ngapi, saa ngapi. Uongo unamupotezea muda.

Najua kwa nini vijana wanakimbia. Wanaogopa polisi, wanaogopa baba mtu, na zaidi wanaogopa kuulizwa: «Nani atalipa?» Kwa hiyo nina ombi moja. Sanduku letu linasaidia msiba: tunanunua sanda, tunalisha waombolezaji. Lisaidie pia mbele ya msiba. Komite iweke pesa kidogo ya moto na ya matibabu ya kwanza, itolewe usiku uleule bila kuuliza mgonjwa alikunywa nini. Maswali tutayauliza akiwa mzima, mbele ya wazazi wake.

Tulivuka ziwa pamoja kurudi kwetu. Tusimuache mtu njiani sababu ya aibu.