Homa ya Ini ya Aina ya D



Homa ya ini ya aina ya B yajulikana na wengi, lakini iko ndugu yake, aina ya D, ambayo ni wachache walioisikia. Iligunduliwa mwaka 1977 na Daktari Mario Rizzetto, mjini Torino, Italia, alipokuwa akichunguza wagonjwa wa B. Leo yakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 12 ulimwenguni wamewahi kuambukizwa.

Kirusi cha D hakiwezi kuzaana peke yake. Sharti kiazime vazi la kirusi cha B. Kwa hiyo asiye na B hawezi kuugua D. Pengine vyote viwili huingia mwilini pamoja. Pengine D humwingia mtu aliyekwisha kukaa na B kwa miaka. Hali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwani mara nyingi ugonjwa hudumu, ini likajaa makovu, na hatari ya saratani ya ini ikazidi mara 2 hata 6 kuliko ya mwenye B pekee.

Ugonjwa hupita kwa damu na kwa kujamiiana: sindano iliyokwisha kutumika, wembe wa kuchanja chale, kisu cha ngariba kipitacho kutoka kijana huyu hadi yule. Kula sahani moja na mgonjwa au kumpa mkono hakuambukizi, basi asitengwe.

Dalili ni uchovu, kichefuchefu, mkojo wa rangi ya chai na macho ya manjano. Lakini wengi hukaa miaka bila kuona lolote. Kwa sababu hiyo, kila mwenye B yafaa amwombe daktari ampime na D pia. Tiba ipo, nayo si nyepesi: sindano za interferoni hudungwa kwa majuma 48 au zaidi, na si wote wanaopona. Dawa mpya, bulevirtide, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2020, lakini bado haijafika kila mahali.

Hakuna chanjo ya D yenyewe. Chanjo ya B ndiyo kinga ya zote mbili. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo hiyo mwaka 2001. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto apewe ya kwanza katika saa 24 za kuzaliwa. Watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuipata; hao na wapimwe, na wasio na B wachanjwe mapema, kwa maana aliyekwisha kuwa na B chanjo haimfai tena.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlango wa maradhi haya mawili ni mmoja: B akizuiwa, D hana pa kupitia.