Alama Zilikuwa Wapi Kabla Hujaziona?

Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, nchi nzima huinamia simu. Shangazi anampigia mpwa wake, mpwa anamtafuta rafiki mwenye bando, na hakosekani wa kulalamika kwamba mtandao unasumbua. Leo nina ombi kwa wanafunzi, waliofanya mtihani na wanaosubiri zamu yao: mkishaziona alama, jiulizeni zilikuwa wapi kabla hamjaziona.

Ukurasa wa wavuti wenyewe hauna maajabu. Ni maandishi yaliyotiwa vialama ambavyo kivinjari cha simu yako kinajua kuvisoma, kikapanga jedwali hapa na kiungo pale. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliupendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikauachia ulimwengu uutumie bure. Intaneti ilikwishakuwapo. Wavuti ni huduma moja tu kati ya zinazopita humo, kama inavyopita barua pepe.

Ukurasa unazionyesha tu; alama zako, basi, makazi yake ni kanzidata: majedwali ambamo kila mtahiniwa ana mstari wake na kila somo lina safu yake. Mstari huo unatambuliwa kwa namba ya mtahiniwa, wala si kwa jina. Hebu fikiria ni akina Juma Hamisi wangapi wanaoketi kwenye mtihani mmoja! Na jina huandikwa Mwanaisha leo, Mwana Isha kesho. Namba ni ya mtu mmoja peke yake, ndiyo maana wataalamu huiita ufunguo msingi.

Kutoka kwenye kanzidata hadi kwenye kioo cha simu kuna njia mbili. Hapa Tanzania unachagua shule, na orodha ya shule nzima inakuja kama ukurasa mmoja uliokwisha kuandaliwa. Kenya, mtahiniwa huandika namba yake ya mtihani na jina, mfumo ukaenda kumtafutia yeye peke yake. Ya kwanza ni wali uliokwisha kuiva, mama ntilie anapakua tu. Ya pili ni chipsi mayai, kila sahani inakaangwa mteja akiagiza. Siku ya msongamano mnajua wenyewe foleni ndefu iko wapi. Kwa hiyo yule anayelaumu mtandao huenda mtandao wake ni mzima kabisa, ila seva, yaani kompyuta inayotoa matokeo, ndiyo imeelemewa na maombi.

Mtu aliyetupa majedwali haya tunayotumia ni Edgar Codd, Mwingereza mwingine, akiwa katika kampuni ya IBM kule California, mwaka 1970. Kabla yake mtunzi wa programu alipaswa kujua data imelazwa wapi ndani ya mashine na aifuate hatua kwa hatua. Codd alisema hapana: wewe taja unachokitaka, mashine yenyewe itafute njia. IBM ilisitasita, kwa sababu ilikuwa na mfumo wake wa zamani wa kuuza. Programu ya kanzidata ya Oracle ikaingia sokoni mapema, mwaka 1979.

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na jinsi somo la kompyuta linavyofundishwa. Mwanafunzi anakariri kwamba data ni ghafi na taarifa ni data iliyochakatwa, anapata alama zake, wala hajawahi kuiuliza kanzidata swali hata moja. Shule haina kompyuta? Daftari lina mistari. Chora majedwali mawili, wanafunzi na vitabu vya maktaba, kisha jaribu kujibu nani ana kitabu gani bila kuandika jina la mtu mara mbili. Atakayefaulu amemfikia Codd bila umeme.

Na kanzidata haihitaji wavuti. Chukua kitochi kisicho na bando, bonyeza nyota, namba, reli, utume elfu kumi kwa mama kijijini. Hakuna ukurasa uliofunguka, hakuna intaneti uliyolipia, ila mahali fulani kuna jedwali ambamo salio kwenye mstari wako limepungua na la mama limeongezeka. Mabadiliko hayo mawili yanafungwa pamoja kuwa muamala mmoja. Umeme ukikatika katikati, baada ya kwako kupungua na kabla kwa mama hakujaongezeka, mfumo ulioundwa vizuri ukiwaka unafuta hatua ile ya kwanza, fedha zikarudi kwako. Ama yote mawili yamefanyika, ama hakuna lililofanyika. Jim Gray, Mmarekani aliyeshughulikia sana jambo hili, alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998.

Ujumbe mfupi wa kuthibitisha, lakini, hutumwa baadaye, na unaweza kukwama njiani ilhali fedha zimekwisha kufika. Kwa hiyo usipoupata, usikimbilie kutuma mara ya pili. Angalia salio kwanza, au mpigie mama.