Chemsha Kwanza, Ndipo Uweke Kapuni

Msikilizaji, leo ni zamu ya maharage mekundu. Wengi wenu mnatumia kapu la kupikia, lile lililoshindiliwa nguo kuukuu ili litunze joto na kuokoa mkaa. Wengine mna sufuria la umeme linalopika polepole. Vyote ni vizuri, lakini sikilizeni hapa: maharage mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, na joto la chini haliiharibu. Punje chache tu zisizoiva zaweza kumtapisha na kumharisha mtu.

Kwa hiyo loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, kisha chemsha kwa moto mkali dakika 30, yakitokota kweli kweli. Hapo ndipo uyahamishie kapuni, ufunike vizuri, uende zako kazini.

Jioni kaanga kitunguu na nyanya, mimina maharage, yachemke tena, malizia kwa tui la nazi. Watoto hawabakizi! Chungwa baada ya mlo husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai huyazuia, basi isubiri. Akina mama, akina baba, msipunguze zile dakika 30.