Wekundu Katika Mizizi ya Njugu

Ninyi mlio na shamba la njugu, huko Masara au upande wa Homa Bay, ng'oeni shina moja lingali kijani. Kwenye mizizi mtaona vinundu vidogo. Kipasueni kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu, kama nyama.

Wekundu huo ni ndugu wa damu yetu. Mwaka 1939 mtaalamu wa Japani, Hideo Kubo, alitambua kwamba ni hemoglobini, jamii moja na ile inayobeba oksijeni katika mishipa yetu, yenye chembe ya chuma katikati. Katika kinundu huigawa oksijeni kwa kipimo, ili vijidudu vinavyoitengenezea njugu mbolea vipumue na kazi yao isiharibike. Katika Mwanzo sura ya pili twasoma kwamba mtu, miti na wanyama walitolewa wote katika ardhi. Na kweli, hata ndani kabisa, mahali jicho halifiki, ufundi ni ule ule.

Tunalisema hili kwa sababu ya zebaki. Katika nchi ya Migori dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930, na huko Masara watu wengi, akina mama wakiwamo, hulisha nyumba zao kwa kazi hiyo. Mawe husagwa, unga wake ukachanganywa na zebaki, nayo hushika dhahabu. Kisha donge hilo huchomwa motoni, zebaki ipae, dhahabu ibaki. Je, hupaa kwenda wapi? Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Jani la mhindi huuvuta kwa vitundu vyake vya kupumulia. Mtoto aliyeketi karibu na jiko huuvuta kwa pua.

Ikiisha kuingia, zebaki hutafuta salfa, ile ambayo Biblia zetu huiita kiberiti. Protini zinazoendesha kazi za uhai zina salfa mahali pengi, katika mmea na katika mtu. Zebaki hung'ang'ania hapo, na protini ile hupotoka umbo ikaacha kazi yake. Tena mhindi na mtoto wamepewa mlinzi mmoja: kitu kidogo kiitwacho glutathioni, chenye salfa yake, ambacho hukubali kushikwa badala ya protini. (Hapo mhubiri angeweza kukaa saa nzima, lakini tuendelee.) Walakini walinzi hao huisha. Mmea huwaunganisha kuwa minyororo, ukaifungia sumu katika ghala la chembe zake. Sisi hatuna ghala kama hilo. Kwetu zebaki hufika kwenye figo na ubongo, na kwa mama mjamzito huvuka hadi kwa mtoto tumboni.

Mji wa Minamata, Japani, uliyaona hayo mwaka 1956. Kule zebaki ilitoka kiwandani, ikaingia baharini, ikaingia katika samaki. Mama wengine walionekana wazima, nao wakazaa watoto walioharibika ubongo. Mkataba wa mataifa kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, una jina la mji huo.

Mtu atasema, “Mbona mzee fulani amechoma miaka mingi, naye yu hai?” Ni kweli, sumu hii haina haraka. Mtazameni mikono, kama haitetemeki. Waulizeni wa nyumbani mwake juu ya usahaulifu na hasira zisizo na sababu.

Hatuwaambii mwache kazi; njaa haingoji. Lakini donge lisichomwe jikoni, wala katika sufuria ya chakula, na wajawazito na watoto wakae mbali. Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba: hunasa mvuke, ukapoa, zebaki ikarudi kuwa majimaji, itumike tena. Hata mwenye kuhesabu kila shilingi hapati hasara.

Na tuombe.