Kabla hatujaivunja bodi ya televisheni ya taifa, tuangalie ya Ireland

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye semina yetu ya vijana. Wengi mliomba maandishi, nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema.)

Nimepewa dakika ishirini na Katibu ameninong'oneza kwamba jenereta ina mafuta ya dakika thelathini, kwa hiyo salamu tutamalizia nje.

Nimekuja kwa ajili ya mistari miwili tu ya rasimu yetu ya sera ya habari. Wa kwanza unasema siku tukiingia madarakani, bodi yote ya televisheni ya taifa ivunjwe. Wa pili unasema ikishindikana kuirekebisha, iuzwe kwa sekta binafsi. Niseme ukweli, nilipoisoma mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu chumbani. Nani hapa hajawahi kukaa mbele ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku akisubiri aone mkutano wetu wa hadhara, akaishia kumwona waziri anazindua kisima?

Halafu nikakumbuka Dublin. Mnajua nimeishi kule miaka saba, nasoma mchana, nafanya usafi usiku. Ireland hayo yote mawili wameshayafanya, la kufukuza na la kuuza, na tunaweza kuona yalivyoishia.

Nianze na la kufukuza. Televisheni ya umma kule inaitwa RTÉ, ilianza kurusha matangazo mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1961. Sheria ya utangazaji ya 1960 ilikuwa na kifungu cha 31, kinampa waziri mamlaka ya kuamuru nini kisirushwe. Novemba 1972 mwandishi mmoja wa RTÉ, Kevin O'Kelly, alitoa ripoti ya mahojiano aliyofanya na mkuu wa IRA, Seán Mac Stíofáin. Serikali ikaifukuza bodi nzima. Wote, kwa mpigo. O'Kelly naye akahukumiwa kifungo kwa kudharau mahakama, kwa sababu alikataa kutaja sauti iliyokuwa kwenye kanda ni ya nani.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo panapotuhusu. Mwaka 1973 serikali ile ikaanguka kwenye uchaguzi, wapinzani wakaingia. Waziri mpya wa masuala hayo alikuwa Conor Cruise O'Brien, msomi, mtu wa kalamu. Mwaka 1976 akapeleka bungeni marekebisho. Kwa upande mmoja akafanya jambo zuri sana: tangu hapo mjumbe wa bodi hawezi kuondolewa na serikali mpaka sababu zitajwe na mabunge yote mawili yapitishe azimio. Waziri hawezi tena kuamka asubuhi amekasirika akafukuza watu.

Kwa upande wa pili, jamani, kifungu cha 31 hakukifuta. Akakikaza. Marufuku ikawagusa wasemaji wa chama cha Sinn Féin moja kwa moja, na RTÉ wenyewe wakaitekeleza kwa woga kuliko sheria ilivyotaka. Mwaka 1990 kukawa na mgomo kwenye kiwanda cha keki Dublin. Msemaji wa wafanyakazi alikuwa mwanachama wa chama hicho. Anataka kuzungumzia mgomo, mishahara, keki! Hakurushwa. Ilibidi aende mahakamani, na 1993 Mahakama ya Juu ikasema RTÉ walikosea. Amri yenyewe ikaachwa ife Januari 1994, chini ya waziri Michael D. Higgins, yule aliyekuja kuwa Rais.

Kwa hiyo walioingia wakitokea upinzani waliikuta silaha mezani, na wakaipenda. Sisi ni watu wa aina gani tofauti? Naomba mnijibu baadaye, siyo kwa makofi.

Tuje kwenye kuuza. Kituo cha kwanza cha binafsi cha kitaifa, TV3, kilianza Septemba 1998. Watu walifurahi, ukiritimba umekwisha. Mwenye nguvu pale alikuwa CanWest wa Canada, na mwaka 2000 Granada ya Uingereza ikachukua asilimia 45. Granada ndio watengenezaji wa Coronation Street, tamthilia ambayo akina mama wa Ireland hawaikosi. Mwaka uliofuata tamthilia ikahama RTÉ ikaenda TV3. Nani aliamua? Siyo mtazamaji. Aliyenunua hisa.

2006 kikauzwa kwa Doughty Hanson, kampuni ya uwekezaji ya London, kwa euro milioni 265. Halafu uchumi wa Ireland ukaporomoka, matangazo ya biashara yakakauka. Mwishoni mwa 2015 kikauzwa tena, kwa takriban milioni 80, kwa Liberty Global, wenye waya za televisheni za Virgin Media. Yaani mwenye bomba ndiye sasa mwenye maji. Mwaka 2018 hata jina la TV3 likafutwa, kikawa Virgin Media One.

Katikati ya hapo kuna kisa nilikiona kwa macho yangu. Mama mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka sabini na kitu, Januari 2015 aliwasha TV3 kuangalia tamthilia yake, haipo. Akanigongea mlango, anadhani nimechezea kisimbusi chake. Kumbe UTV ya Belfast walikuwa wamefungua UTV Ireland tarehe 1 mwezi ule na kuichukua. Bibi akahama nayo. UTV Ireland ikapata hasara, 2016 TV3 wakainunua kwa milioni 10 tu, na mwisho wa mwaka huo tamthilia ikarudi ilikotoka. Bibi akahama tena, analaani.

Niwe mkweli, hasara ile ilizaa kitu kizuri. TV3 walipobaki na pengo walitengeneza tamthilia yao wenyewe, Red Rock, ya polisi wa mji wa pwani, nzuri mpaka BBC wakainunua. Ila haikudumu miaka mingi. Kutengeneza ni gharama, kununua ya Uingereza ni rahisi, na mwenye hisa anajua hesabu.

Linganisheni na TG4, kituo cha lugha ya Kiairishi, kilichoanza Oktoba 31, 1996 kule Connemara, huyo huyo Higgins akiwa waziri. Wachumi walicheka: nani ataangalia? Hakuna mfanyabiashara angekifungua. Leo ni miongoni mwa waliogharimia filamu ya An Cailín Ciúin, iliyoingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar.

Msije mkadhani natetea RTÉ kama malaika. Juni 2023 iligundulika kuwa mtangazaji wake aliyekuwa akilipwa kuliko wote, Ryan Tubridy, alipewa euro 345,000 zaidi ya zilizotangazwa, kwa miaka kadhaa. Mkurugenzi mkuu akajiuzulu. Wabunge wakawaita wakuu wa RTÉ kwenye kamati, matangazo ya moja kwa moja, na nchi nzima ikasikia kuwa karibu euro 5,000 zilinunua kandambili za sherehe. Kandambili! Wananchi wengi wakagoma kulipa leseni ya televisheni, euro 160 kwa mwaka. Serikali ikabidi itenge milioni 725 kwa miaka mitatu kuziba pengo.

Lakini mliona kilichotokea? Bodi haikufukuzwa usiku. Kituo hakikupigwa mnada. Hesabu ziliwekwa hadharani, na RTÉ yenyewe ilikuwa inaripoti aibu yake kwenye taarifa yake ya habari. Siku tukiona hilo hapa kwetu, nitawanunulia soda wote.

Basi, rasimu ninayo hapa, na nimeichora kwa kalamu nyekundu. Pale pa "bodi ivunjwe" nimeandika: mjumbe ataondolewa kwa sababu zilizotajwa na kura ya bunge, na waziri wetu asiwe na mamlaka ya kuamuru kipi kisirushwe. Mstari wa kuuza nimeufuta wote. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati najua hajafurahi, namwona. Nampa kipaza sauti yeye kwanza.