Nyama Mbichi kwa Mbwa: Sufuria Inayomlinda Mtoto
Maelezo kwa mabaraza ya wananchi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta



Mazungumzo ya leo yanahusu chakula cha mbwa. Mbele ya ukame, ndovu mashambani na bei ya unga, jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini kile mbwa anachokula leo nyuma ya nyumba chaweza kumpeleka mtoto wa nyumba hiyo kwenye chumba cha upasuaji miaka kumi ijayo. Ndiyo maana linazungumzwa barazani.

Katika kaunti hii mbwa ni mfanyakazi. Analinda boma la mbuzi Kasigau, anafukuza nyani na tumbili mashambani Sagalla na katika milima ya Taita, na usiku analala langoni mjini Voi. Kwa miaka mingi chakula chake kimekuwa ugali, makombo na omena. Sasa wapo wenye mbwa wanaotaka kuacha ugali kabisa na kuwalisha nyama mbichi. Wazo hilo lilipata nguvu kupitia daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, aliyechapisha kitabu chake kuhusu ulishaji huo mwaka 1993. Leo linasambaa kwa simu, pamoja na picha za mbwa wenye manyoya yanayong'aa.

Hoja ya wanaolipenda ni kwamba mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu, na mbwa mwitu hapiki. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa wa nyumbani, kwa kuishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, amepata uwezo mkubwa zaidi wa kusaga vyakula vya wanga. Ugali si sumu kwake. Kosa ni kumpa ugali mtupu, kwa sababu anahitaji protini pia. Vivyo hivyo, nyama tupu bila madini ya kalisi hudhoofisha mifupa ya mtoto wa mbwa anayekua.

Nchi za mbali mlo huo hununuliwa dukani, umekaguliwa na kugandishwa. Huku steki ni ya watu, tena si kila siku. Anayeambiwa ampe mbwa nyama mbichi ataenda kutafuta cha bei nafuu: mapafu, bandama, matumbo, au ini lililokatwa na kutupwa kwa sababu lina kasoro. Hapo ndipo hatari ilipo.

Katika utumbo wa mbwa huweza kuishi tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache tu. Mbwa mmoja aweza kubeba maelfu yake na bado akala, akabweka na kukimbia kama kawaida. Mwenye mbwa haoni dalili yoyote. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi, yakaenea kwenye nyasi, maji na mboga, na mengine yakashika kwenye manyoya ya mbwa. Penye kivuli na ubichi, yaweza kudumu miezi mingi. Mbuzi, kondoo au ng'ombe akiyala pamoja na majani, humea ndani ya ini au mapafu yake yakawa mifuko ya maji, mingine midogo kama njegere, mingine mikubwa kama chungwa. Mbwa akila kiungo hicho kikiwa kibichi, mzunguko unaanza upya.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa kumeza mayai. Mtoto anamkumbatia mbwa, mbwa anamlamba usoni, kisha mtoto anatia vidole mdomoni. Au mboga zinachumwa mahali mbwa anapojisaidia na kuliwa bila kuoshwa vizuri. Ugonjwa huu unaitwa hidatidi. Mifuko ile ile ya maji huota ndani ya mtu, mara nyingi kwenye ini, na pia kwenye mapafu. Hukua polepole, na miaka mingi yaweza kupita bila maumivu. Ukipasuka ndani ya mwili, waweza kumuua mtu. Tiba ipo: dawa, kufyonza maji ya mfuko kwa sindano au upasuaji. Lakini ni tiba ndefu na ya gharama.

Ifahamike vizuri kwamba mtu hapati hidatidi kwa kula nyama choma, wala kwa kugusa ini lenye mfuko. Anayekula ini bovu ni mbwa, anayeugua ni mtoto. Kwa sababu miaka inapita katikati, familia haiunganishi mambo hayo mawili.

Kenya inaujua ugonjwa huu. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Kaskazini magharibi mwa eneo hilo ilikadiriwa kuwa zaidi ya watu 200 kati ya kila 100,000 waliugua kila mwaka. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huko: watu walipimwa kwa altrasaundi hadi vijijini, mbwa wakapewa dawa, na jamii zikafundishwa. Mzunguko huo unahitaji vitu vitatu tu: mifugo, mbwa, na viungo vibichi vinavyotupwa. Vyote vitatu viko Taita Taveta.

Habari njema ni kwamba mzunguko hukatika. Nchi ya Aisilandi, yenye kondoo wengi na baridi kali, ilisumbuliwa vibaya na hidatidi katika karne ya 19. Mwaka 1864 mtaalamu kutoka Denmark, Harald Krabbe, aliandika kijitabu kilichogawiwa bure majumbani kueleza jinsi ugonjwa unavyotoka kwa kondoo kwenda kwa mbwa na kufika kwa mtu. Mwaka 1869 ikatungwa sheria ya mbwa, na viungo vyenye mifuko vikatakiwa kuzikwa au kuchomwa. Hakukuwa na altrasaundi wala dawa za kisasa. Watu walielewa, wakaacha kuwatupia mbwa viungo vibichi, na hatimaye ugonjwa ukatokomea nchini humo.

Kwa hiyo, yafuatayo ndiyo mambo ya kufanya.

Kwanza, chemsha. Nyama au kiungo chochote cha mbwa kichemke kwa angalau nusu saa, kiive hadi katikati. Kata vipande vidogo ili moto ufike ndani. Mchuzi wake waweza kusongea ugali wa mbwa, nao ni mlo mzuri. Ondoa mifupa, kwa sababu mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Usitie vitunguu, vinaharibu damu ya mbwa.

Pili, kiungo chenye mfuko wa maji au kilichokataliwa na mkaguzi asipewe mbwa. Kichomwe, au kizikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Hili linahusu hasa nyama inayochinjwa nyumbani wakati wa harusi, matanga, Krismasi na Idi. Mkaguzi aitwe. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, ipo kwa ajili ya afya ya mlaji, na uchafu wa machinjio haupaswi kuwa chakula cha mbwa wa mtaa.

Tatu, mnyama aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana asipasuliwe, asiliwe na watu wala mbwa. Huenda ni kimeta. Daktari wa mifugo aarifiwe mara moja.

Nne, mbwa apewe dawa ya tegu. Dawa inayofaa ni prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wake, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza apewe angalau mara nne kwa mwaka. Dawa huua tegu lakini haiui mayai, kwa hiyo mbwa afungwe siku mbili tatu baada ya kuipata, na kinyesi chake kizikwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ni ya kila mwaka.

Tano, mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na sahani ya mbwa isioshwe pamoja na vyombo vya jikoni. Nyama mbichi hubeba pia vijidudu kama salmonela, na mbwa aweza kuvieneza bila yeye kuugua.

Yapo maswali ambayo huulizwa kila mara. Je, kugandisha kwenye friji kunatosha? Hapana. Vijidudu vingi huvumilia baridi, na umeme ukikatika hali huwa mbaya zaidi. Je, nyama mbichi humfanya mbwa awe mlinzi mkali? Hapana. Ukali hutokana na malezi. Mbwa anayeshiba na aliyefunzwa hulinda vizuri kuliko mwenye njaa. Na anayetaka kumbadilishia mbwa mlo afanyeje? Achanganye chakula kipya na cha zamani kidogo kidogo kwa wiki moja, tumbo lizoee.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, machinjio, huduma za mifugo na leseni za mbwa ni kazi ya serikali ya kaunti. Mwananchi ana haki ya kwenda katika ofisi ya mifugo iliyo karibu naye kuuliza, na kudai ukaguzi pale nyama inapouzwa bila muhuri. Lakini hakuna afisa awezaye kusimama nyuma ya kila nyumba jioni, wakati mapafu yanaporushwa uani na mbwa anayadaka. Hapo uamuzi ni wa mwenye nyumba, na kinachohitajika ni sufuria, maji na kuni za nusu saa.